Sanduku la Spana Lililong'aa Kupita Kiasi

Wasichana wawili wa yadi ya Gatitu,

Mmenitumia salamu mkiuliza natumia dawa gani ili sanduku la spana la lori liache kutoa weusi. Nitawajibu. Lakini mtasoma yote, kwa sababu haya mengine hakuna mtu atawaambia, na bosi wenu ndiye wa mwisho.

Nimestaafu. Chekeni mkitaka. Wengine hustaafu na mvi, wakapewa saa ya ukutani na hotuba. Mimi nimestaafu na miaka ishirini na sita, mtoto mgongoni, na vidole ambavyo haviwi safi hata nikivisugua na ndimu. Miaka sita nilisugua masanduku ya malori. Sikupandishwa cheo, kwa hivyo sitawachosha na habari za vyeo.

Niliingia pale mwaka wa mahindi ya njano, ule mwaka mvua ilitukataa tukaletewa mahindi ambayo hata kuku waliyaangalia mara mbili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Nilikuwa na cheti kwenye bahasha ya kaki, na nilikuwa nimekitembeza ofisi zote za Nyeri mjini mpaka pembe za bahasha zikaisha. Mzee Ndirangu, mwenye malori, hakuifungua hiyo bahasha. Aliangalia mikono yangu.

"Unajua kuosha sufuria?"

"Najua, mzee."

"Basi kazi unajua."

Nyinyi mnayajua yale masanduku, lakini nitayaeleza kwa yeyote mtakayempa karatasi hii asome. Kila lori la Mzee Ndirangu lina sanduku la kuwekea spana na jeki, limefungwa upande wa kushoto, chini ya bodi, katikati ya magurudumu. Malori ya wengine yana masanduku ya chuma ya kupaka rangi. Yake ni ya alumini, lile bati lenye vipele. Wenye malori wengine walijulikana kwa maandishi ya mbele. Yeye alijulikana kwa sanduku. Ukisimama Chaka ukaona kitu kinawaka kama kioo upande wa kushoto wa lori, unajua viazi vya Ndirangu vinapita.

Siku ya kwanza niliachwa na sanduku moja na ndoo. Nikafanya kama kwetu Tetu: nikachota majivu kwa mama wa chai, nikaongeza magadi, nikamwaga maji moto, nikasugua kwa nguvu zote za mtu anayetaka kusifiwa. Kwetu sufuria ilikuwa ikisuguliwa na majivu na inang'aa. Lakini magadi na maji moto ni kitu kingine. Nilipomwaga maji, sanduku lilikuwa jeusi kama sufuria ya githeri ya shule. Madereva walishuka kuja kuona.

"Huyu mwanafunzi ameipika!" alisema Macharia, dereva wa lori lile, na kuanzia siku hiyo akaniita Mpishi.

Aliyeniokoa ni Bi Zena wa Majengo, aliyekuwa akisugua masanduku pale kabla yangu. Alikuwa ameshapita miaka hamsini, leso mbili kiunoni, kiatu cha raba mguu huu na cha ngozi mguu ule. Baba yake alikuwa askari wa Mwingereza, na yeye utotoni ndiye aliyemng'arishia vifungo vya shaba. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyezaliwa nacho. Chetu cha huku juu kilimchekesha mpaka akashika mbavu.

"We Nyambura," alisema, "magadi ni ya maharagwe. Mtoto wako utamwogesha kwa magadi?"

"Sina mtoto, Bi Zena."

"Utampata, na utamchubua. Haya, liombe msamaha."

"Nani?"

"Sanduku. Liombe msamaha tuanze upya."

Nikaliomba msamaha, madereva wakipiga makofi.

Sasa jibu lenu. Kwanza maji na sabuni ya unga na brashi laini, mpaka matope yote yaishe. Mkiacha chembe moja ya mchanga, msasa utaiburuta, na huo mkwaruzo utawatukana mwaka mzima. Lami na grisi hutoka na mafuta ya taa, kidogo tu, kwenye tambara. Msasa uwe ule laini kabisa, uliolowa maji, na uende kwa mstari, upande mmoja, kama mtu anachana nywele. Mkizungusha, jua litaonyesha mizunguko yenu yote. Halafu dawa ya kopo kwenye pamba. Hapo ndipo weusi hutoka, na hapo ndipo nyinyi mnaogopa na kuacha. Msiache. Ule weusi ni alumini yenyewe inatoka. Itatoka leo na kesho na siku mtakayozikwa. Kazi yenu ni kuufuta kabla haujakauka. Mkimaliza, nyunyizeni unga wa ngano mkavu, msugue kwa flana, maana unga hunyonya dawa iliyojificha katikati ya vipele. Kwenye vipele, mswaki mzee. Kwenye bawaba, kijiti cha kiberiti kilichovikwa kitambaa. Hiyo ndiyo siri yote. Hakuna uganga.

Na matambara mchome kila jioni kabla ya kufunga. Tambara lenye mafuta likilundikwa na mengine linashika moto lenyewe. Bi Zena aliwahi kuona banda zima likiondoka hivyo.

Alikuwa na kanuni nyingine, na hii ndiyo nawaomba msiishike. Alisema tusiulize doa limetoka wapi. "Ukiuliza utapewa hadithi," alisema, "na hadithi utaifanyia nini? Wewe toa doa." Nilikuwa na miaka ishirini. Nilifikiri huo ndio ufundi.

Miaka ikaenda. Nikampata Wambui. Baba yake alienda Nanyuki kutafuta kazi kambini, na mpaka leo bado anaitafuta. Mtoto aliniletea faida moja ya kazi: nepi. Hakuna flana inayoshinda nepi iliyofuliwa mwaka mzima. Macho ya Bi Zena nayo yakaanza kuingia ukungu. Akawa anasugua kwa kupapasa, na kidole chake kilijua mkwaruzo ambao mimi nilihitaji jua la saa sita kuuona. Mimi nikawa macho, yeye akawa mkono. Tulikuwa wazuri. Watu walileta malori kutoka Karatina waone.

Sasa ile Ijumaa.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Jumapili iliyofuata Mzee Ndirangu alikuwa analipeleka lori la Macharia kanisani liombewe, ile desturi mnayoijua: pasta anaweka mkono kwenye bampa, akina mama wanaimba, na mwenye lori anasimama karibu na sanduku ili watu wamwone mara mbili. Macharia alikuja nalo kutoka Chaka, akaliegesha vibaya, akaenda choo, akakaa huko muda mrefu.

Pembe ya mbele ya sanduku ilikuwa imebonyea, bonde kama ngumi ya mtoto. Kutoka kwenye bonde kulikuwa na mstari wa rangi ya buluu, urefu wa kiganja. Na katikati ya vipele, upande wote wa chini, kulikuwa na kitu cheupe kilichokauka.

Macharia aliporudi nikamuuliza, "Hii buluu ni ya nini?"

"Geti."

"Geti gani?"

"Geti ya kule tunapakia viazi. Kwani wewe umekuwa polisi?"

"Nauliza tu."

"Basi Mpishi, pika. Mzee anangoja."

Bi Zena alipapasa bonde. Alilipapasa mara mbili. "Geti hukwaruza," alisema polepole. "Halibonyezi hivi." Nikangoja aseme zaidi. Akasema, "Haya, lete sabuni."

Ule weupe ulinitia aibu. Nilidhani ni unga wangu wa wiki iliyopita, kwamba nilikuwa nimeuacha kwenye vipele kama mwanafunzi. Nikachukua mswaki na maji ya moto. Maji yalipougusa, ukatoa harufu ya maziwa yaliyochacha.

Sikilizeni hapa, maana hapa ndipo kila kitu kilipoharibikia. Wiki hiyo nilikuwa namwachisha Wambui kunyonya. Matiti yalikuwa yanavuja, blauzi ilikuwa imelowa tangu nitoke nyumbani, na nilikuwa nimejikunja asubuhi yote nisiwanukie watu. Niliposikia ile harufu nikajua ni mimi. Nilifunga sweta mpaka shingoni, nikaendelea kusugua.

Fundi wa bati aligonga bonde kutoka ndani na nyundo ya mbao mpaka likanyooka. Nikapitisha msasa, dawa, unga, nepi. Saa tisa Mzee Ndirangu alikuja akajitazama kwenye sanduku, akarekebisha tai. Lilikuwa sanduku bora kuliko yote niliyowahi kufanya. Nasema hivyo kwa uchungu, lakini ni kweli. Jumapili likaombewa. Waliimba mpaka mchana.

Jumatatu mwanamke aliingia yadi na madigadi la baiskeli, lile bati la juu ya gurudumu, kwapani. Buluu.

Alikuwa Mama Gathoni wa Chaka. Alikuwa amekuja akipitia kila mahali malori yanapolala. Mume wake alikuwa anapeleka maziwa kwa baiskeli, mitungi miwili kwenye keria. Ijumaa asubuhi lori lilimpita karibu mno, likamnasa mpini, likamtupa mtaroni, likaenda zake. Alikufa kabla ya kufika hospitali. Msichana wa shule aliyekuwa upande ule ule wa barabara hakusoma nambari. Alisema tu kwamba chini ya lori kulikuwa na kitu kinawaka kama kioo.

Mama Gathoni hakupiga kelele. Alipiga magoti kwenye grisi, akasimamisha madigadi kando ya sanduku, akapima kwa kiganja. Kisha akaweka pua yake kwenye lile bati. Mwanamke mzima, katika yadi ya wanaume, ananusa lori. Mmoja akacheka.

Akaniangalia mimi kwa sababu ndiye niliyekuwa na tambara.

"Maitu," akasema, vile sisi huita mwanamke tunayemheshimu kama mama, na alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kumi, "hapa hapakuwa na rangi? Hapakuwa na maziwa?"

Aliposema maziwa nikajua. Nilijua yote mara moja. Mzee Ndirangu alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi na kikombe cha chai. Macharia alikuwa na andazi mdomoni, na alikuwa ameacha kutafuna. Nilimfikiria Wambui, nani atamlisha.

Nikasema, "Hapakuwa na kitu."

Akasema, "Asante, maitu." Alinishukuru. Akachukua madigadi lake akaenda.

Nilikaa na hilo siku tisa. Sitawaeleza usingizi wangu, si habari yenu. Siku ya kumi nilikuwa Majengo kununua sabuni, nikamwona karibu na msikiti, amepiga magoti kando ya lori la mchanga. Lile lori lilikuwa na sanduku la chuma lenye kutu, limefungwa upande wa kulia. Haliwezi kumgonga mtu wa baiskeli aliye kushoto hata kwa ndoto. Alikuwa amefika mahali pa kupima kila kitu chenye magurudumu. Niliacha sabuni kwenye meza ya dukani nikaenda kuandikisha taarifa kwa polisi.

Askari walikuja yadi kuliangalia sanduku. Tangu ile Ijumaa nilikuwa nimelisugua mara nyingine, kwa ratiba ya kawaida, maana nilikuwa bado mfanyakazi wa yadi. Askari mmoja aliinama, akajiona humo, akanyoosha kofia. Jioni ile Mzee Ndirangu alinitumia viatu vyangu vya kazi kwenye karatasi ya nailoni. Ndivyo nilivyojua nimefutwa.

Nilienda kwa Bi Zena Majengo. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele kwa vidole.

"Bi Zena, wewe uligusa lile bonde."

"Niligusa."

"Na ulisema si la geti."

"Nilisema."

"Basi twende korti pamoja."

Aliendelea kuchambua. "Nyambura mwanangu, wataniuliza kidole changu kimeona nini. Watu watacheka. Na mimi ni kipofu sasa, tusidanganyane. Yule mzee ananipa kazi hivi nilivyo. Wewe utanipa?"

"Mtu amekufa, Bi Zena."

"Najua amekufa. Mimi sikuona. Hilo naweza kuapa, na ni kweli."

Hatujasalimiana tena. Ndiye aliyenifundisha kila kitu ninachojua, na nikimwona njiani navuka upande wa pili. Mkimkuta hapo yadi, mpeni kiti kizuri. Nimemkasirikia sana, lakini mpeni kiti.

Korti ilijaa. Macharia alisimama kizimbani amevaa koti la kuazima, haniangalii. Nilieleza yote: bonde, buluu, maziwa. Nilieleza hata habari ya matiti yangu mbele ya wanaume wote wale, na kuna waliocheka, na hakimu akawanyamazisha. Halafu akainuka wakili wa Mzee Ndirangu, kijana mtulivu, hana hata haja ya kupaza sauti.

"Mama, hiyo rangi iko wapi?"

"Niliitoa."

"Yote?"

"Yote."

"Maziwa?"

"Niliyatoa."

"Matambara uliyotumia?"

"Tulichoma. Tunachoma kila jioni."

"Kwa nini?"

"Yanashika moto."

"Kwa hivyo mkayatia moto." Watu wakacheka tena. "Mama Wambui, umefanya hii kazi miaka mingapi?"

"Sita."

"Wewe ni fundi mzuri?"

Ningeweza kusema hapana. Nimefikiria hilo kila siku. Ningesema mimi ni mzembe, naacha madoa, nendeni mkaangalie kwenye bawaba. Lakini nilikuwa nimeapa, na nilikuwa nimechoka kuchekwa, na hilo ndilo jambo moja maishani nililokuwa na hakika nalo.

Nikasema, "Ndiyo. Hakuna anayenishinda Nyeri."

"Kwa hivyo ushahidi wako," akasema wakili, "ni kwamba sanduku ni safi."

Akaketi. Hata hakuniuliza kwa nini nilimwambia mjane hapakuwa na kitu. Hakuhitaji. Yule msichana wa shule alisema aliona kitu kinang'aa, na wakili akamuuliza kama jua pia hung'aa. Macharia akaachiliwa kwa kukosa ushahidi. Mzee Ndirangu akampa mkono pale pale mlangoni.

Nje kwenye ngazi Mama Gathoni alikuwa bado amelishika lile madigadi. Hawakulipokea ndani, ati halihusiani na chochote. Nilitaka anitukane. Nilisimama mbele yake nikingoja.

"Nitawaambia watoto nini?" akaniuliza, kama mtu anayeuliza njia. "Niwaambie baba yao aligongwa na kitu kisafi?"

Akashika barabara ya kurudi Chaka.

Hiyo ndiyo sababu nawaandikia. Mkiona rangi ambayo si ya lori lenu, wekeni brashi chini. Msimuulize dereva. Msimuulize mwenye lori. Tokeni nje ya geti mmwite mtu yeyote ambaye hali chakula cha pale, mama wa mboga, mtu anayepita, aje aone kwa macho yake kabla maji hayajamwagwa. Mtafutwa kazi, hilo nawaambia mapema. Na sina hakika itasaidia. Lakini angalau mtakuwa wawili mnaosema neno moja. Mimi nilikuwa peke yangu.

Wiki moja baada ya korti, Macharia alikuja kwangu Gatitu. Nilikuwa nafulia watu nguo nyuma ya ploti, Wambui ameketi kwenye karai tupu. Alisimama mbali, kofia mkononi. Hakuniita Mpishi.

"Mama Wambui, Mzee amenituma. Anasema urudi."

"Nirudi wapi?"

"Kazini. Anasema hana kinyongo. Anasema hata korti ilisikia wewe ni fundi wa namna gani, sasa watu wanaleta malori kutoka Nanyuki wakiuliza huyo mama ako wapi."

Nilimwangalia. Alikuwa amekonda. Nilimuuliza, "Macharia, ulimwona yule mtu kabla hujampita?"

Alikunja kofia, akaikunjua. "Nimwambie Mzee utarudi?"

"Toka kwangu."

Akatoka. Hapo mngependa niishie, nami ningependa. Lakini nimewaambia mtasoma yote. Unga ulikuwa umeisha siku hiyo, na mvua ilinyesha mfululizo, na hakuna mtu anayeleta nguo za kufua wakati wa mvua. Siku tatu niliufikiria ule ujumbe wa Mzee Ndirangu. Nilihesabu hata ni brashi zipi nitamwambia anunue. Siku ya nne nikaenda kumwomba jirani kibaba cha mahindi, nikampikia mtoto.

Sikurudi. Lakini msinisifu. Niliufikiria siku tatu.